Mguu Wako Unaliaje?

Thornton Heath,
London.
Jumapili, 8 Novemba 1998

Mpendwa Dada Marcelina,

Kabla ya lolote, shikamoo. Nakuamkia wewe na nyumba yako nzima. Najua barua hii itakukuta umekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko, na Francis akikusomea kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio. Francis mwanangu, hujambo? Soma taratibu, na usiruke mstari, hata pale nitakapokusema wewe.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeshaingia. Saa kumi na moja jioni ni giza totoro, na mvua ya huku haijui kumwagika ikaisha kama ya kwetu Singida, ni rasharasha kutwa nzima mpaka mtu unachoka kuichukia. Cosmas naye ni mzima. Yuko mwaka wa pili chuoni, na sufuria ya wali anayomaliza peke yake ingetosha wageni wa kipaimara. Bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini anaelewa kila kitu, hasa nikimsema.

Mguu wako je? Barua ya mwisho Francis aliandika mstari mmoja tu, kwamba mama hajambo ila mguu unamsumbua kidogo. Halafu huyo, akakimbilia habari za alizeti. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko barua nzima. Nitaurudia, msidhani nimeusahau.

Kwanza nijibu mliloniuliza. Naona Cosmas amewapigia simu kwa jirani, akawaambia mama anasoma Kijapani na sasa kinataka kumfukuzisha kazi. Nanyi mkauliza, kwa adabu lakini nimewaelewa, kama akili zangu ziko sawa. Ziko sawa. Nina miaka hamsini na miwili, sina mume wa kuniomba ruhusa wala wa kuombwa, na Jumanne jioni ni yangu. Ngojeni niwaeleze yote kwa mpangilio, kisha mseme mnalotaka kusema.

Mwaka jana nilikwenda chuo cha watu wazima kujiandikisha darasa la kompyuta. Limejaa. Mama aliyekaa mezani akaniambia kwa masikitiko kwamba kuna darasa la Kijapani lina watu tisa, wasipofika kumi jioni ile litafutwa. Nilimwona mwalimu mwenyewe amesimama pembeni na mfuko wake wa vitabu, anajifanya hasikii. Dada, unanijua. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu. Baadaye ndiyo nikajiuliza Kijapani ni cha nini.

Miezi miwili ya kwanza niliteseka. Vitenzi vyao wanaviweka mwishoni kabisa, unasikiliza sentensi nzima hujui kama mtu amekuja au hakuja. Mwandiko wao ni kama uzio wa miiba. Cosmas alinikuta mezani naandika herufi moja mara hamsini, akacheka mpaka akakaa chini. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wakaniuliza kama nimepata mchumba wa Tokyo. Niliwaambia ndiyo, wawili.

Halafu siku moja Mwalimu Haruko akaja na somo la maneno ya sauti. Alituambia Wajapani wana maelfu ya maneno yasiyotaja kitu bali yanatoa mlio wake, au mwendo wake, au hali yake. Mvua ya kunyunya ni shito shito, ya kumwagika ni zaa zaa. Moyo wenye hofu ni doki doki. Kitu kinachong'aa ni pika pika, nami kila nikisugua sufuria nacheka peke yangu. Wanafunzi wenzangu wakatazamana. Mmoja, bwana wa benki, akasema hayo si maneno ya mtu mzima, ni ya kubembelezea watoto.

Nikanyoosha mkono. Niliwaambia kwetu mtu haanguki hivi hivi tu. Anaanguka pu, au tifu, au chubwi, na msikilizaji aliyeko nyuma ya nyumba anajua kama chini palikuwa na sakafu, mchanga au maji. Kitu cheupe ni cheupe pe, kitu kigumu ni kigumu ndi, mtu aliyelowa amelowa chapachapa, na bibi zetu wenye mvi walisema hivyo barazani na hakuna aliyewaita watoto. Mwalimu Haruko aliweka chaki chini. Akaniomba nirudie tena, polepole, akaandika yote kwenye daftari lake. Tangu siku ile bwana wa benki hakukaa tena kiti cha mbele.

Basi nikashika kasi. Yale waliyoyaona wenzangu magumu kuliko yote, kwangu ndiyo yalikuwa mlango wa kuingilia. Siku mwalimu alipoleta maharage yao ya soya yaliyovundikwa, yanavutika nyuzi kutoka bakulini hadi mdomoni, darasa zima liliziba pua. Neba neba, akasema, maana yake ni kile kinachoteleza na kunata. Nilikula bakuli langu nikamaliza na la jirani yangu. Mtoto aliyekuzwa na mlenda wako anaogopa nini?

Wana pia mchezo wa maneno, Francis, huu utaucheza na mama. Mmoja anataja neno, mwingine anatoa neno linaloanza na silabi ya mwisho ya lile. Mimi nasema kisu, wewe unasema sukari, mimi ripoti, wewe tikiti. Kwao anayetoa neno la kuishia na N tupu, isiyofuatwa na irabu, ameshindwa, kwa kuwa hakuna neno lao linaloanza nayo. Nimekaa kwenye basi asubuhi nikatafuta neno letu la kuishia na N nisilipate. Nikamwambia mwalimu kwamba Waswahili mchezo huu tungecheza mpaka kiama bila mtu kushindwa. Alicheka, akasema labda ndiyo maana nabishana hivi.

Sasa lile la kazini.

Wodi yetu ni ya mifupa, na mimi ni msaidizi wa wauguzi, mwaka wa kumi na tisa huu. Naogesha, nageuza, nalisha, napima joto na kuliandika. Maumivu siyaandiki. Hiyo ni kazi ya nesi. Nesi anapita na chati, anamwuliza mgonjwa ataje namba: sifuri huumwi, kumi unaumwa kupita kiasi. Mgonjwa anataja, nesi anaandika, anakwenda kitanda kinachofuata.

Mwezi wa tisa tukaletewa bibi wa Kijapani, Nagase-san. Hiyo san ni heshima, kama sisi tunavyosema Bi au Bwana. Ana miaka sabini na tisa, alivunjika nyonga akitundika mapazia. Aliolewa na Mwingereza tangu zamani, akaja naye huku, akafiwa, hana mtoto. Msidhani hajui Kiingereza. Kiingereza chake ni safi kuliko changu na cha nesi, na nusu ya madaktari hawamfikii.

Baada ya upasuaji, kila akiulizwa namba, alijibu, "Mbili, asante." Asubuhi mbili, mchana mbili, na asante yake. Chati yake ilikuwa mistari ya mbili mbili mtindo mmoja, na kwa chati nzuri namna hiyo wakapanga aende nyumbani Ijumaa.

Jumatano nilikuwa namwogesha. Hakuguna wala hakukunja uso, lakini nilipomgeuza niliona vidole vya mguu wake mzima vinajikunja kama vimeshika kitu. Nikamwuliza kwa Kijapani kama anaumwa. Alishtuka kidogo, akatabasamu, akanijibu, "Sukoshi." Maana yake kidogo.

Dada, neno hilo lilinirudisha mbali sana. Unakumbuka lile sikio langu? Nilikuwa na miaka sita, nimelia siku mbili, baba amechoka ameniambia ninyamaze, kila mtoto sikio humwuma. Wewe ulinipakata, hukuniuliza kama linauma sana au kidogo. Uliniuliza, "Linaliaje?" Nikasema kwaru kwaru. Ukasema kama lingekuwa pwi pwi ungenikanda kwa chumvi ya moto, lakini hili linakwaruza, basi humo mna mtu. Ukapasha mafuta ya alizeti yakawa vuguvugu, ukamimina, akatoka mdudu na miguu yake yote sita. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakuna chuo kilichokufundisha.

Basi nikaweka kitambaa chini nikamwuliza Nagase-san kama ulivyoniuliza wewe. Mwalimu Haruko alikuwa ametupa karatasi ya maumivu, nami nilikuwa nimeibandika kwenye friji nikaisoma kila nikichukua maziwa. Wana neno la maumivu ya kichwa yanayogonga, la tumbo linalokeketa, la ngozi inayochonyota, la kitu kinachochoma kama sindano, na la maumivu ya chinichini yanayofanana na mtu anayelia peke yake chumbani. Nilimtajia moja moja. Chiku chiku? Shiku shiku? Zuki zuki?

Halafu akanishika mkono, na hakuupeleka kwenye nyonga ambako sote tulikuwa tunaangalia. Aliupeleka chini, kwenye shavu la mguu ule ule, wa kushoto. Akasema zuki zuki. Hiyo ni kupwita. Kisha akasema pan pan, neno ambalo sikuwa nimefundishwa, lakini mkono wangu ulikuwa umeshaelewa. Mguu ulikuwa umevimba, mgumu, wa moto. Machozi yalimtoka na tabasamu bado liko pale pale.

Nikamkimbilia Peris. Peris ni nesi wetu wa zamu, Mkenya wa Nakuru, mtu mzuri ila mwoga. Alikuwa na toroli la dawa, akaniambia chati imesema mbili na nyonga ndiyo iliyofanyiwa upasuaji, tutaongea baadaye. Sasa baadaye yake ni saa ngapi? Madaktari walikuwa wameshaingia mlangoni kuanza mzunguko. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye chati mimi mwenyewe.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na kosa silikatai. Daktari alifika, akasoma, akageuza chati juu chini, akauliza haya ni maandishi gani. Nilikuwa nimeandika hivi: "Mguu wa kushoto, shavuni, unapwita pwi pwi pwi, umevimba ndi, wa moto." Kiswahili kitupu. Nakuapia dada, kichwani mwangu nilikuwa naandika Kiingereza. Neno lilitoka kwenye Kijapani likaingia kwenye Kiswahili moja kwa moja, Kiingereza hakikupitiwa hata kusalimiwa.

Madaktari wanafunzi walianza kucheka. Mimi sikucheka. Nikakunja ngumi nikapiga ile meza ya kitandani, pwi, pwi, pwi, nikamwambia daktari mguu wake unafanya hivi, tafadhali ushike. Ni kijana, angeweza kunipuuza. Aliinama akaushika, na uso wake ukabadilika. Jioni ile walimpeleka kwenye kipimo wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Ijumaa hakwenda nyumbani. Daktari aliniambia kwamba kama angekwenda, donge lile lingeweza kupanda kwenye mapafu, na sentensi hakuimaliza.

Ungedhani wangenishukuru. Daktari alinishukuru. Baada ya wiki mbili nikapata barua ya kuitwa ofisini kwa mkuu wa wodi.

Makosa mawili. La kwanza, nimeandika kwenye chati, kazi isiyo yangu, kwa lugha isiyosomeka wodini. La pili, nimefanya ukalimani bila kufuzu. Mkuu wa wodi si mwanamke mbaya, alinipa kiti na chai. Akanieleza kwamba hospitali ina wakalimani walioandikishwa, wanapatikana hata kwa simu. Nikamwambia ni jambo zuri, lakini hakuna aliyempigia mkalimani hata mmoja, kwa sababu Nagase-san anasema Kiingereza kutushinda sote humu ofisini. Nani anamwitia mkalimani mtu kama yule?

Akasema namba ziliwekwa ili wagonjwa wote wapimwe sawa. Nilimjibu kwa Kiingereza changu hiki, na sauti haikutetemeka. "Mimi sikutafsiri. Mimi niliuliza. Namba ni ya anayeuliza, mwenye kuumwa ana sauti yake."

Ningejua kumwambia ningemwambia na ule msemo wetu, chururu si ndo ndo ndo. Maji ni yale yale, na pengine ndoo itajaa sawasawa, lakini paa linalodondosha na bomba lililopasuka hayatengenezwi na fundi mmoja. Ukiniambia mbili, sijui ni mbili ya nini. Ukiniambia pwi pwi, najua nianzie wapi.

Akanipa karatasi niitie sahihi. Sentensi ya kwanza inasema nakiri kuandika kwenye chati kinyume na utaratibu. Ya pili inasema naahidi kutozungumza na mgonjwa yeyote kuhusu maumivu yake isipokuwa kwa Kiingereza. Niirudishe isizidi Ijumaa tarehe sita. Nisiporudisha, shauri linapanda juu, na huko juu watu hufutwa kazi.

Nyumba haikukalika. Cosmas aliniwekea karatasi mezani na kalamu juu yake, kila asubuhi. "Mum, just sign it," ndiyo ilikuwa shikamoo yake. Ananihesabia miaka iliyobaki mpaka pensheni kama mtu anayehesabu vituo vya basi. Simlaumu, anaogopa kwa ajili yangu. Peris alinivuta kwenye stoo ya mashuka akaniambia, "Gaudensia, hii mambo ya Kijapani itakumaliza. Sign tu, halafu ufanye vile unataka." Hata padre, niliyemwendea nikitegemea atakuwa upande wangu, alisema unyenyekevu ni fadhila. Nikamwambia unyenyekevu ninao, ni woga ambao sina.

Nitie sahihi kisha nifanye nitakavyo? Hiyo ndiyo njia ya Peris, nami siitaki. Nikitia sahihi, nimesema ni kosa. Nimesema ulinikosea siku ile uliponipakata ukaniuliza sikio linaliaje, kwa vile hukuwa na cheti.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Siku ya kumzaa Cosmas nilikuwa na mwaka mmoja tu huku. Neno la Kiingereza nililolijua vizuri kwa swali la hali yako ni "fine". Mkunga akapita, akaniuliza najisikiaje, nikasema "fine". Akapita tena, "fine". Mgongo ulikuwa unapasuka kwa mshindo, mimi nang'ang'ania kitanda nasema "fine", naye akaandika na kuondoka. Mtoto nusura azaliwe ameshikwa na mfagiaji wa korido. Watu wakacheka baadaye, nami nikacheka nao, lakini siku ile nilikuwa peke yangu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Na tusijifanye ni Waingereza tu. Sisi wenyewe je? Hujambo, sijambo. Mtu ana homa anatetemeka, unamwuliza hujambo, anasema sijambo. Tumefundishwa kulikana jambo kabla hatujaulizwa ni jambo gani. Nagase-san kwao ni hivyo hivyo, mtu aliyelelewa vizuri hasumbui wengine kwa maumivu yake. Aliniambia, "Miaka arobaini mume wangu aliniuliza kama sijambo, nami nikamjibu sijambo." Alimpenda sana mume yule. Hakumwambia hata mara moja panapouma.

Basi Alhamisi jioni nilikaa mezani na kalamu ya Cosmas. Sentensi ya kwanza nikaiacha kama ilivyo. Ni kweli, niliandika pasipo pangu, na nikaandika Kiswahili. Ya pili nikaikata kwa mstari mmoja mnyoofu, kwa rula. Chini yake nikaandika kwa Kiingereza kilichonyooka, nikakikagua mara tatu nisije nikateleza tena, kwamba mgonjwa nitamwuliza kwa lugha yoyote niliyo nayo, na nikisikia jambo nitamwambia nesi, na nesi asiponisikiliza nitamwambia tena. Ndipo nikaweka sahihi, kwa yale niliyoyaacha na yale niliyoyaandika. Ijumaa asubuhi niliipeleka mwenyewe, mkononi, sikuiweka kwenye sanduku la barua.

Mkuu wa wodi aliisoma amesimama. Akasema, "Gaudensia, hii si karatasi niliyokupa." Nikamwambia najua. Jumatano hii inayokuja wameniita huko juu. Huenda nikarudi wodini, huenda nikarudi nyumbani na viatu vyangu vya kazi ndani ya mfuko. Moyo unadunda, sitakudanganya, doki doki usiku na mchana. Lakini karatasi haibadiliki.

Nagase-san ameshatoka, anatembea na fimbo. Siku ya kuondoka aliniinamia, nikamwinamia zaidi, akainama zaidi, mpaka Peris akasema tutavunja nyonga ya pili. Na huyo huyo Peris, dada, juzi kanifuata tena kwenye stoo ya mashuka. Nikadhani anakuja kunisihi. Kumbe anataka nimwandikie ile karatasi ya maumivu, na Kiswahili chake pembeni, ila nisimwambie mtu kwamba yeye ndiye aliyeomba. Nimemwandikia, kurasa mbili.

Sasa narudi kwenye mguu.

Francis, hapa ndipo ninapokusema. "Unamsumbua kidogo" ni nini? Hiyo ni mbili, asante. Sikukasirikii, najua ndivyo alivyokuambia uandike, kwa vile hataki kunitia wasiwasi mimi niliye mbali. Lakini umekua, una mke na watoto, ulitakiwa kumwuliza tena. Ni mguu upi? Ni goti, ni shavu, ni kisigino? Umevimba? Una joto kuliko mwenzake? Ushike kwa mkono wako, weka na mkono mwingine kwenye mguu mzima, ulinganishe. Ukikuta umevimba ndi na una moto, usimalize kusoma barua hii. Mpandishe kwenye gari umpeleke hospitali, barua itawangoja.

Na wewe dada yangu, ukifika kwa daktari naye akakuuliza hali, nakukataza kusema sijambo. Nakukataza, mimi mdogo wako, kwa heshima zote na shikamoo juu yake. Mwambie unafanyaje. Kama unapwita sema unapwita, kama unachoma sema unachoma, kama unakufa ganzi usiku mwambie na hilo. Akicheka, piga ngumi mezani kwake umwonyeshe. Uliwahi kunitoa mdudu sikioni kwa swali moja. Sikubali mtu aliyenifundisha swali hilo akose wa kumwuliza, akae Singida na maumivu yake ameyakunjia kwenye khanga.

Nisalimieni Lydia, mke wa Francis, na watoto wote, na huyo mdogo ambaye sijamwona mwambieni bibi mdogo wa Ulaya anamdai busu. Salamu kwa Mzee Hamad fundi cherehani, aliyetupokelea simu ya Cosmas, na mwambieni gauni alilonishonea bado linanikaa, ila limepunguza urafiki kiunoni. Wasalimieni jumuiya yote, na mama mkwe wa Lydia ninamsalimu mara mbili, kwa kuwa ndiye wewe.

Mungu aliyewaumbia watu kilio kabla hajawapa maneno akusikie, akulinde, na akuwekee mguu wako imara mpaka nije nikupigie magoti uani kwako.

Nasubiri jibu. Sitaki habari za alizeti. Francis, mwulize mama mguu unaliaje, kisha uandike sauti ile ile itakayomtoka mdomoni, hata kama unaona haiandikiki. Mimi nitaisoma.

Karatasi yao niliikata nusu kwanza. Hii naitia sahihi yote.

Mdogo wako mkaidi, akupendaye si kidogo,

Gaudensia